Barua kwa mwanangu aliye Lichinga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Machame. Mama yako hajambo, mvua imenyesha na migomba imeshiba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umemaliza miaka mitatu ya umisionari huko Niassa, Msumbiji, Kireno unakimudu, Kiyao unakisikia, na bado ukipita sokoni unaitwa mgeni. Ukija likizo hapa, wenzako wanacheka lafudhi yako na mazungumzo yao yanakupita. Umeniuliza: "Baba, sasa mimi ni wa wapi?"

Swali hilo mimi nililala nalo Simanjiro kabla hujazaliwa. Kanisa liliponituma uinjilisti kwa Wamaasai, nilikwenda na gunia la unga na debe la mafuta ya taa. Nilijipikia mwenyewe. Nikikaribishwa maziwa ya kibuyu nilisingizia tumbo, maana yananukia moshi wa kile kijinga cha moto wanachosafishia kibuyu. Nilifundisha, nikaombea wagonjwa, nikagawa dawa. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao. Niliwapenda kweli, lakini wao sikuwapa nafasi ya kunitendea lolote.

Masika ya mwaka wa pili njia ilikatika, unga ukaisha, malaria ikaniangusha. Bibi mmoja, ambaye kanisani hakuwahi kukanyaga, alikuja kila alfajiri. Aliniinua kichwa kwa kiganja chake, akaniwekea kibuyu mdomoni. Nilikunywa ule moshi siku tisa. Nilipoweza kutoka nje kwa fimbo, watoto waliokuwa na ndama walinijia wakainamisha vichwa niwaguse utosini, kama wanavyowaamkia wazee wao. Kabla ya hapo walikuwa wakinitazama kwa mbali tu. Nililia, mwanangu.

Ndipo Luka 10 ikanifungukia. Bwana anawatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba, anawaagiza wakae nyumba moja, wale na kunywa vya wenyeji wao. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na neno la kula nilikuwa nalipita haraka. Hata Paulo alipookoka na merikebu kuvunjika Melita, wenyeji walimkokea moto kwa sababu ya mvua na baridi. Kabla hajaombea mgonjwa yeyote pale, alikuwa ameshaota moto wao.

Mkumbuke na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekwenda Mboga mwaka 1896, upande ambao leo ni Kongo. Hilo jina lenyewe ni la ugeni: maana yake ni kitu cha kutoka Ulaya, kwa sababu ya vazi la Kizungu alilovaa pamoja na kanzu. Walimu waliomtangulia walinyimwa chakula hadi wakaondoka. Yeye alipigwa, akasingiziwa kifo cha dada yake chifu Tabaro, akafungwa. Alipoachiwa alirudi Mboga kulekule, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Alipofariki mwaka 1933 alizikwa kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kama alivyoomba.

Mimi nitazikwa hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na kihamba nakipenda. Lakini masika yakianza, nikiwa hapa barazani, pua yangu hutafuta ule moshi wa kibuyu. Kwa hiyo ule ugeni unaoupata ukija likizo siwezi kukuahidi kwamba utaisha. Wangu haujaisha, nami nimekoma kuuombea uondoke.

Barua yako nimeipitia tena leo asubuhi. Umeeleza vizuri darasa la kusoma, cherehani za akina mama, kisima, safari za vijijini. Hukutaja hata nyumba moja unayokula. Barua ijayo nitajie nyumba hiyo, na anayekupakulia umweleze alivyo, tumjue. Kama bado haipo, Juni inakuja na baridi ya Lichinga unaijua. Jirani yako ana moto jikoni. Bisha hodi, mwombe ukae naye uote.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako