Kabla ya asilimia, fungua rejesta ya thieta
Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa upasuaji na usingizi hapa Moshi, iwe hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, nawasihi msikimbilie asilimia. Jueni kwanza mnagawa kwa idadi ya nini.

Rejesta ya thieta, yaani daftari la chumba cha upasuaji, huhesabu operesheni, si watu. Mgonjwa aliyetoboka utumbo anafunguliwa tumbo Jumatatu, Alhamisi anarudishwa kusafishwa usaha: mistari miwili, mtu mmoja. Mkiiacha ilivyo, kiwango cha vifo kitashuka na hakuna aliyeokoka zaidi. Fuateni namba ya faili, maana jina moja huandikwa hivi asubuhi na vile usiku.

Kinachonisumbua zaidi ni nafasi tupu kwenye chati ya usingizi. Ukiona oksijeni haijaandikwa kwa dakika kumi, usijaze kwamba ilikuwa sawa. Mara nyingi hizo ndizo dakika ambazo mtaalamu wa usingizi alikuwa na mikono yote miwili kwenye njia ya hewa, hana wa kumshikia kalamu. Mkizitupa chati za namna hiyo, mnawatupa wagonjwa waliokuwa mahututi kuliko wote.

Halafu kuna waliokwisha kwenda nyumbani. Maambukizi ya kidonda hufuatiliwa hadi siku ya 30, au 90 mtu akiwekewa chuma. Aliyeruhusiwa siku ya tano akarudi Same au Simanjiro mtamjuaje? Chukueni namba mbili za simu, kwa ridhaa yake, kwani moja huwa ya mtoto anayeishi mjini. Tuseme mna wagonjwa 200, mmewapata 150, na kati yao 6 wamefariki. Kuandika asilimia 3 ni kudai wale 50 wote wazima. Asilimia 4 nayo inadai wanafanana na waliopatikana. Andikeni zote mbili, kisha mwonyeshe umri wa hao 50, daraja lao la ASA (kipimo cha hali ya afya ya mgonjwa kabla ya upasuaji), na kama upasuaji ulikuwa wa dharura.

Mkilinganisha ganzi ya mgongoni na nusu kaputi, kumbukeni mama anayevuja damu, presha iko chini, hupewa nusu kaputi kwa sababu hali yake tayari ni mbaya. Akifariki, dawa isibebeshwe kifo hicho. Na kwa vifo 6 msirundike vigezo kumi kwenye modeli ya takwimu. Someni kila faili, mweleze kila kifo kwa maneno.