Mzee wangu anataka meli ya Mickey na sisi hatuna mtoto

SWALI

Mwanangu, habari za kazi. Sisi ni mtu na mume wake, mimi nina miaka 63 yeye 68, tuko Houston siku nyingi, Mungu hakutujalia watoto na hilo tulishalipokea zamani. Sasa mzee mwaka huu anastaafu na kanambia zawadi anayoitaka ni kupanda meli ya Disney, ile ya Mickey, yeye toka ujana ni mtu wa katuni, akikaa mbele ya tivii anacheka mpaka machozi. Pesa ipo, tumeweka. Tatizo ni mimi. Naona meli ile ni ya familia, wazazi na watoto wao, mabibi na wajukuu, sisi tutakaa pale kama nani? Nikimwambia Mbongo mwenzangu hapa swali la kwanza ni "mnaenda na wajukuu wa nani?" Kwenye sherehe za watu nimeshazoea kujibu, ila kukaa mezani usiku baada ya usiku na watu nisiowajua wananiuliza watoto wako wako wapi, hapo moyo unasita. Makelele nayo naogopa. Alafu mimi bado nina pasipoti ya Tanzania na grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani, yeye ni raia wa huku. Niambie ukweli, twende au nimshawishi tutafute meli ya watu wazima?

Msomaji wako, Houston

JIBU

Shikamoo mama, na mzee mpe hongera zangu za kustaafu. Nendeni, tena kwenye hiyo hiyo aliyoitaja. Meli za watu wazima zipo kweli, kampuni za Virgin Voyages na Viking hawapandishi mtu wa chini ya miaka 18 na zinasifiwa, lakini Mickey humo hamna na mzee hakuomba bahari, kaomba Mickey. Mtu kafanya kazi maisha yake yote, anastaafu anataka kitu kimoja, tumpe kingine kwa sababu ya maneno ya watu? Mimi siwezi kukushauri hivyo.

Hilo la mtakaa kama nani limenigusa na sitaki kulipita juu juu. Mtakaa kama wenye safari. Bei ya chumba kwenye meli hizi inapigwa kwa watu wawili, wa tatu na wa nne ndo wanaongezwa juu yake, kwa hiyo mtu na mume wake ndo hesabu inapoanzia. Na wenye meli wanajua watu kama nyie wapo, toka Disney Magic ianze kazi 1998 walitenga sehemu za watu wazima tupu: kuna bwawa ambalo wa chini ya miaka 18 haingii, kuna mgahawa wa Palo, chakula cha Kiitaliano, huo unalipia pembeni na ubuku mapema maana nafasi zinaisha haraka, kuna spa, na usiku kuna eneo zima la muziki na vinywaji ambalo watoto hawaruhusiwi. Safari zikipita Castaway Cay, kisiwa chao kule Bahamas, kuna ufukwe unaitwa Serenity Bay, wa watu wazima peke yao, mkikaa kule mtasahau kama mmekuja na meli yenye watoto. Na kasino hawana kabisa, tofauti na meli nyingi kubwa, mimi hilo nalipenda.

Na nikwambie nilichokiona nilipopanda na wanangu. Foleni ya kupiga picha na Mickey ilijaa watu wazima wasio na mtoto hata mmoja, mbele yetu kulikuwa na mzee ana mkongojo na kavaa masikio ya Mickey kichwani, mke wake ndo mpiga picha, zamu yao ilipofika Mickey kamkumbatia yule mzee, wanangu wakapiga makofi. Hakuna aliyewauliza kitu.

Makelele yapo, sikufichi, ila dawa yake ni kalenda. Kimbieni mwezi wa sita mpaka wa nane, kimbieni likizo ya machipuko ya mwezi wa tatu, Thanksgiving na Krismasi, hapo shule zimefungwa na bei imepanda. Septemba shule zikishafunguliwa meli inatulia na bei inashuka lakini ndo katikati ya msimu wa vimbunga, unaanza 1 Juni unaisha 30 Novemba, meli inaweza kubadilishiwa njia. Mimi ningewachagulia mwisho wa Januari au siku za mwanzo za Desemba. Chumba msichukue chini ya deki ya mabwawa, viti vinaburutwa juu ya kichwa chako toka alfajiri, wala chenye mlango wa ndani wa kuungana na chumba cha jirani, hiyo milango inapitisha sauti. Katikati ya meli na deki za chini ndo pazuri, hata kuyumba kunapungua.

Sasa meza, maana naona ndo roho ya swali lako. Chakula cha jioni kina awamu mbili, ya saa kumi na mbili kasorobo na ya saa mbili na robo usiku. Wenye watoto wadogo wengi wanakimbilia ya kwanza, nyie chukueni ya pili, shoo mnaangalia kwanza, na mzee kama ana sukari ale kitu kidogo juu kwenye bafe asingoje mpaka usiku. Wakati wa kubuku waambie mnataka meza ya wawili, na siku ya kwanza mkishapanda uliza tena, kama mmewekwa na watu na hamkupenda nenda kaongee na mkuu wa wahudumu mapema kabla watu hawajazoea viti vyao. Wahudumu wenu ni wale wale kila usiku, mnahama nao mgahawa mpaka mgahawa, kesho yake wanajua mzee chai yake haitiwi sukari.

Mkikaa na wengine, maswali ya melini mara nyingi ni mmetoka wapi na mmepanda mara ngapi. Likija lile lingine, jibu fupi linatosha: "Tuko wawili tu, tunasherehekea kustaafu kwa mume wangu," kisha waulize wao habari za watoto wao, wazazi wakianza hapo hawamalizi. Aking'ang'ania mwambie hatukujaliwa, basi, huna deni la maelezo kwa mtu uliyekutana naye kwenye supu. Na Wabongo wa Houston hawana haja ya kujua kabla, wataona picha mkisharudi.

Upande wa makaratasi. Wewe beba pasipoti yako ya Tanzania pamoja na grinkadi yenyewe, si kopi, na kabla ya kulipa uliza viza ya kila nchi ambayo meli inatia nanga, maana kila nchi ina sheria zake na hazifanani kwa raia na mwenye grinkadi. Meli za Disney huwa zinakuja Galveston kwa msimu, kwenu ni kama saa moja kwa gari, ila za huko mara nyingi zinaelekea Mexico na Karibi ya magharibi, hicho kisiwa cha Bahamas kwa kawaida unapandia Florida. Pia bakshishi inaongezwa kwenye bili kila siku kwa kila mtu, kama dola 16, iwekeni kwenye bajeti msije mkashtuka siku ya kushuka.

Na bima ya safari mnunue, tafadhali. Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani, na melini inaweza kulipa tu meli ikiwa kwenye bandari ya Marekani au hayajapita masaa 6 toka iondoke hapo au kabla ya kufika, baada ya hapo daktari wa meli ni mfuko wenu, na kusafirishwa mgonjwa kwa helikopta ni pesa ya kutisha. Dawa zenu zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, masanduku yanachukuliwa bandarini na mnaweza kuyaona mlangoni kwenu jioni.