Miche ya sebuleni na jua la Tanga lililoniumbua

Mara ya kwanza naotesha sukuma wiki ndani ya nyumba, miche ilinitokea mizuri mpaka nikawa naipiga picha nawatumia watu. Wiki ya tano nikaitoa yote siku moja, saa tano asubuhi jua limeshachachamaa, nikaipanda uani nikamwagia maji nikaenda zangu kazini kifua mbele. Nimerudi alasiri imelala chini yote. Kesho yake majani yamegeuka meupe kama karatasi, keshokutwa nikashika ufagio. Miche arobaini na kitu jamani. Mama mwenye nyumba kanitazama tu, "Pole mwanangu, ndo jua letu hilo," akachukua kikapu chake akaenda soko la Mgandini kununua mchicha.

Sasa mtu ataniuliza kwani lazima uoteshee ndani, si umwage mbegu nje kama watu wote? Mi nakaa Makorora, nyumba ya kupanga, ua wenyewe wa kuchangia, kuna kuku wa mama mwenye nyumba ambao mche mdogo kwao ni kachumbari, kuna sisimizi wanabeba mbegu za mchicha moja moja mpaka unamaliza wiki unasubiri kitu kilichoshahama, alafu masika yenyewe unayajua, ile mvua ya mwezi wa nne na wa tano inapiga udongo mpaka mbegu zinakutwa mlangoni kwa jirani. Ndani unailinda mpaka ipate nguvu. Na mi napenda kuanza mbegu masika yakiwa yanaelekea mwisho, ili miche itoke nje mwezi wa sita, maana kuanzia hapo mpaka wa nane kwetu kunapoa kidogo na mboga za majani zinapumua. Ukianza kipindi cha kaskazi, mwezi wa kwanza wa pili huko, utamwagilia mpaka uchoke.

Udongo nachanganya mweusi makopo mawili, samadi iliyooza vizuri kopo moja, mchanga kopo moja. Samadi mbichi usithubutu, inaunguza. Kabla ya kupanda naumwagia maji yaliyochemka, naacha upoe, inasaidia kupunguza vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa unakuta mche jana umesimama leo umekatikia chini kabisa kama umebanwa na uzi. Kinyausi kinapenda unyevu uliotuama na miche iliyobanana, kwa hiyo usimwage mbegu kama unatia chumvi kwenye sufuria, na maji mwagia asubuhi. Mi siku hizi hata simwagii juu, naweka vyombo kwenye beseni lenye maji kidogo vinyonye kwa chini, nusu saa natoa.

Niliwahi kupata akili ya kutumia unga wa makumbi ya nazi badala ya mchanga, nimesikia unashika maji vizuri, na kweli unashika. Nikaenda kuchukua kwa watu wanaosuka kamba. Sikufikiria kwamba yale makumbi yalifukiwa pwani miezi na miezi yakinywa maji ya bahari! Mbegu ziliota, alafu ncha za majani zikaanza kuungua, zikadumaa, basi. Sa hivi nikitumia naloweka namwaga maji mara tatu mara nne, na mara ya mwisho naonja kama chumvi imeisha. Cheka tu, lakini naonja. Na kama unakaa karibu na bahari, Sahare au Raskazone huko, onja na maji ya kisima chako pia.

Vyombo: zamani tulikuwa tunatumia mifuko ya rambo, ilipopigwa marufuku 2019 nikahamia trei za mayai, sikuzipenda, zile za karatasi zinakauka haraka na zinalegea. Makopo ya mtindi yako poa ukiyatoboa. Lakini mi kipenzi changu ni kifuu. Chukua ile nusu yenye macho, jicho moja kati ya yale matatu ni laini, lisukume na msumari, tayari una tundu la kutolea maji. Bure, na jikoni kila siku kipya.

Mbegu nazifukia kidogo sana, nusu sentimita hivi. Chainizi na sukuma siku tatu mpaka wiki zimeshachungulia. Spinachi inachelewa, iloweke usiku mmoja, na usishangae kile kimbegu kimoja chenye magamba kutoa miche miwili au mitatu, ndivyo kilivyo, ni mbegu kadhaa zimeshikana, wewe bakiza mmoja mwingine kata na mkasi usiung'oe. Saladi ndo yenye madeko. Joto likizidi nyuzi 30 inagoma kabisa kuota, na inataka mwanga kwa hiyo usiifukie, mi naiweka kwenye tishu mbichi ndani ya friji siku mbili ndo naipanda. Mchicha sikushauri kabisa kuuhangaikia ndani, huo mwage nje mchanganye na mchanga, mpige chenga sisimizi, basi.

Dirisha langu linatazama mashariki, lina wavu wa mbu, na ule wavu unakula mwanga kuliko unavyodhani. Miche ikikosa mwanga inarefuka, myembamba, imeegemea upande mmoja kama watu wanachungulia ugomvi wa jirani. Nikiwepo naufungua mchana, na vyombo navigeuza kila siku. Ile iliyorefuka siitupi, wakati wa kuhamisha nafukia shina mpaka karibu na yale majani mawili ya mwanzo.

Sasa hapa kwenye kutoa nje ndo nilipoharibu mimi, na naona wengi wanaharibu hapohapo alafu wanasema mbegu feki. Mche uliokaa sebuleni wiki nne au tano haujui jua wala upepo. Ukiwa na majani manne matano ya kweli, yale mawili ya mwanzo usiyahesabu, anza kuuzoesha, usiupande. Siku mbili za mwanzo weka barazani au chini ya mwembe, kivuli tupu, usiku rudisha ndani. Siku ya tatu na ya nne pata jua la saa moja mpaka saa tatu asubuhi tu. Siku mbili zinazofuata mpaka saa tano. Ya saba uache kutwa, na ulale hukohuko nje. Maji punguza kidogo lakini usiache inyauke. Ukiona jani linaanza kupauka rudi nyuma siku moja, hakuna anayekufukuza.

Kupanda sasa, jioni saa kumi na moja, au siku ya mawingu. Mwagia kifuu nusu saa kabla, geuza, gonga, shika jani usishike shina, maana jani litaota lingine. Sukuma naachia nusu mita, chainizi na spinachi kama futi moja. Usiku kuna sota, yule funza anakata shina chini alafu asubuhi unalaumu kuku, kwa hiyo kila mche nauvisha pete ya chupa ya maji niliyoikata. Alafu kuti. Chomeka kipande cha kuti upande wa magharibi siku tatu nne, jua la mchana ndo linaloua, la asubuhi halina neno.

Chainizi tulianza kukata mwezi mmoja na kidogo baada ya kupanda, sukuma inachukua zaidi lakini ukichuma majani ya chini tu unakula miezi. Dirishani sa hivi nina vifuu kumi na nane, mama mwenye nyumba kashachagua vinne vyake kaviwekea alama ya rangi ya kucha, na tangu siku hiyo kuku wake wanashinda wamefunikwa tenga.