Gofu bila uwanja: nilivyojinoa Shangani

"Mwanangu, unalima au unacheza?" Mzee mmoja mvua pweza aliniuliza hivyo ufukweni Shangani, hapa Mtwara, bahari imekupwa, mimi na fimbo yangu, mchanga umenijaa hadi kwenye nywele. Nilicheka, ila mzee alisema kweli. Nilikuwa nalima.

Gofu nilijifunzia Dar. Kazi iliponileta Mtwara, uwanja niliouzoea ukawa zaidi ya kilomita 500, nikaona basi tena. Kumbe mchanga mbichi ulioachwa na maji unafundisha kuliko makocha niliowalipa.

Chora mstari kwa kisigino, weka mpira juu yake, piga kwa fimbo ya chuma namba 9, nusu nguvu. Mpira umekwenda wapi, achana nao. Tazama kovu kwenye mchanga. Likianzia mbele ya mstari, umegusa mpira kwanza, safi. Likianzia nyuma, umelima. Yangu yalianzia nyuma kwa upana wa kiganja. Dawa ilikuwa kuhamishia uzito mguu wa kushoto mapema (napigia kulia), na ilinichukua wiki kadhaa za kutukanana na mchanga. Kwa bunka, yaani shimo la mchanga la uwanjani, panda juu kwenye mchanga mkavu. Huko ndiko unatakiwa uanzie nyuma, kama sentimita 5, mchanga wenyewe uubebe mpira. Na usipige mipira thelathini kwa fimbo ileile. Badilisha kila mpira, maana uwanjani hakuna anayekurudishia pigo.

Kabla ya kupiga hakikisha hakuna waokota chaza mbele yako. Ukirudi, suuza fimbo kwa maji ya bomba na uzikaushe. Zangu mbili zilishika kutu kwa uvivu tu.

Usiku ni zamu ya mkeka. Uwanja wa pa 72, yaani unaokadiriwa kumalizwa kwa mikwaju 72, umekadiriwa mikwaju 36 ya kwenye grini (nyasi fupi zenye shimo), nusu nzima, lakini sisi tukipata nafasi ni kutwanga mbali tu! Nalaza glasi mwisho wa mkeka wa ukindu, mshono wa ukili ndio mstari wangu, na shingo hainyanyuki mpaka nisikie mlio wa glasi. Mipira 20, nalala. Mdomo wa glasi ni mdogo kuliko shimo la gofu, lenye kipenyo cha milimita 108. Nilipokwenda Dar likizo, kwenye grini ya kwanza shimo niliona kama ndoo.