Anaharisha mwezi mzima, na kipimo kinasema hakuna kitu

SWALI: Dada yangu anaishi na VVU na aliacha ARV kwa miezi kadhaa alipohamia mjini. Sasa ni mwezi mzima anaharisha majimaji na amekonda sana. Duka la dawa walimpa flajili mara mbili bila nafuu, na kipimo cha choo hakikuonyesha amiba wala minyoo. Maji tunayatia klorini. Tatizo ni nini? Na je, tumwondoe paka wetu?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kwa maelezo yako, kimelea ninachokishuku kwanza ni kriptosporidiamu, ambacho kipimo cha kawaida cha choo hukikosa kwa urahisi. Ni kidogo mno, mikromita 4 hadi 6 tu, na mara nyingi hakitambuliki kwenye hadubini mpaka sampuli ipakwe rangi maalumu, ya aina ile inayotumika kutafuta vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mrudisheni CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, haraka, mkamwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba kimelea hicho kitafutwe, tena kwa sampuli zaidi ya moja, kwa kuwa hakitoki kwa wingi uleule kila siku.

Flajili haikiui. Mwenye kinga imara hupona mwenyewe baada ya wiki chache, lakini CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, zikishuka chini ya 100 kuharisha kunaweza kudumu miezi, na tiba ya msingi ni kurudi kwenye ARV ili kinga ipande. Asione haya kwamba aliacha dawa. Wahudumu wa CTC hupokea watu wa namna hiyo kila mara. Akipewa septrini aimeze bila kuruka, kwani ingawa haitibu kriptosporidiamu, inatibu isospora, kimelea kingine kinachosababisha kuharisha vilevile, na inakinga dhidi ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kushambulia ubongo. Anywe ORS kila anapoharisha. Mkojo ukipungua, akilegea au akitapika kila anachokunywa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu maji, klorini inaua bakteria wa kipindupindu, lakini kriptosporidiamu ina ganda gumu linaloivumilia. Mwaka 1993 kimelea hiki kilipenya mtambo wa maji wa mji wa Milwaukee, Marekani, kikaugulisha watu wapatao 400,000, na wengi wa waliofariki walikuwa na UKIMWI. Chemsheni maji yake mpaka yatokote dakika nzima, yakiwemo ya kusukutua baada ya kupiga mswaki, ambayo wengi huyasahau.

Paka abaki. Mayai ya toksoplasma kwenye kinyesi chake huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine, si dada, akiondoe kila siku na kunawa kwa sabuni. Nyama isiyoiva nayo huambukiza, basi mishkaki yenye wekundu ndani asiile. Akipata maumivu ya kichwa yasiyotulia, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, msisubiri tarehe ya kliniki. Toksoplasma ya ubongo hutibika ikiwahiwa.