Ada ya chama kila mwaka, tunailipia nini?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi na mume wangu tuna zahanati yetu ndogo Kibaigwa. Kila mwaka chama cha wenye vituo binafsi kinatutumia meseji tulipe ada, tunalipa, halafu tunachoona ni picha za viongozi na wabunge hapo mjini Dodoma na ile siku moja ya kupima watu bure, basi. Mume wangu anasema mwaka huu hiyo hela bora tununue vipimo vya malaria. Wewe unaonaje?
Mama Zahanati, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na kazi. Mumeo ana haki kabisa ya kuuliza ila lipeni, halafu ulizeni kwa sauti.

Hizo picha na wabunge zina maana kama viongozi waliingia na karatasi yenye hoja, tena kwa wakati wake. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaisha Juni, mwaka wa serikali unaanza Julai mosi, sasa chama kinachoenda kumuona mbunge mwezi wa saba hela si zimeshagawanywa? Na mswada ukifika kwenye kamati wanaitwa wadau watoe maoni, pale hawaiti zahanati moja ya Kibaigwa, wanaita vyama. Unakumbuka Machi 2024 NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, walivyoanza na kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei wanazolipa vituo, hospitali kadhaa binafsi zikasimamisha huduma kwa wenye kadi zikisema bei hazilipi, wagonjwa wakabaki na kadi mkononi hawajui waende wapi (mpaka leo hilo linaniuma)? Kwenye bei za namna ile wanaosikilizwa ni akina APHFTA, chama kizima cha vituo binafsi vya afya, wewe NHIF wakikukata madai yako ya malipo, ukiwa peke yako utapiga simu utaambiwa subiri.

Kwahiyo mkishalipa mwandikieni katibu: mwaka jana mlipeleka hoja gani, kwa nani, lini, na mlijibiwa nini. Na nyie msiende mikono mitupu, andikeni madai ya mwezi gani yalikatwa, shilingi ngapi, sababu gani iliandikwa. Kiongozi akiwa na karatasi kama hizo ishirini kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi, ana kitu cha kuweka mezani, asipokuwa nazo anaenda kulalamika tu.

Siku ya kupima bure ndiyo inayonigusa zaidi maana nimekaa kwenye hiyo meza. Mwaka mmoja pale soko la Majengo alikuja mama muuza mchicha, kamwachia jirani biashara kaja mbio anahema, tukamfunga kile kitambaa mkononi hapohapo, ikasoma 178 kwa 104. Tukamwandikia kwenye kikaratasi "presha juu, nenda hospitali", akakikunja akakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na chenji zake akarudi kwenye mchicha. Hatukumkalisha dakika tano apumzike tupime tena, hatukuandika hospitali ipi, hata namba yake ya simu hatukuchukua. Kwenye ripoti ya mwaka yule mama alihesabiwa kama mtu aliyehudumiwa! Chama chenu kikija Kibaigwa siku ya gulio la mahindi, zahanati yenu isimame iseme hawa wote wenye presha waje kwetu wiki ijayo kupimwa tena, na majina yao tunayo.

SWALI: Sista habari, mimi ni bodaboda Nkuhungu, nilipimwa sukari bure ikasoma 9.2, nilikuwa nimetoka kunywa chai na chapati mbili. Nina kisukari?

JIBU: Kwa hicho kipimo hatuwezi kusema unacho, mdogo wangu. Ukiwa umekula kinachotutisha ni 11.1 kwenda juu, hasa kama una kiu sana na unakojoa kila saa. Ila usilale nalo. Usile chochote kuanzia saa nne usiku, maji tu, asubuhi nenda zahanati yoyote kabla ya chai upime. Ikiwa 7 au zaidi utarudia siku nyingine ndipo waamue, na ikiwa kwenye 6 na kitu ongea na daktari, maana hapo ndipo watu wanapowahi.