Ibn Battuta hakuandika Kilwa akiwa Kilwa

Mwaka wa pili chuoni niliandika, kifua mbele, kwamba Kilwa ya karne ya 14 ilikuwa mji wa mbao. Ushahidi ninao: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 na kusema nyumba zake ni za miti, zimeezekwa majani. Shahidi wa macho, mtu unataka nini tena? Karatasi ilirudi na swali moja pembeni, wino mwekundu: "Aliyaandika lini haya?"

Nilinuna siku mbili, kisha nikaenda maktaba. Kumbe masimulizi yale ya safari zake yalikamilika Fez, mji wa Morocco, mwaka 1355, miaka 24 baada ya Kilwa. Tena hakushika kalamu yeye. Alisimulia, Ibn Juzayy akaandika, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Morocco. Ibn Juzayy alikuwa mshairi na hakuogopa kupamba. Kwingine, kama Damascus, alichota maneno ya msafiri wa zamani zaidi, Ibn Jubayr. Nami nilikuwa na tafsiri ya Kiingereza, tena fotokopi iliyofifia.

Tangu hapo chanzo asilia, yaani maandishi ya watu wa zama zenyewe, nakisoma na kalamu tatu za rangi. Moja kwa alichokiona mwenyewe, ya pili kwa alichoambiwa, ya tatu kwa kile ambacho asingeweza kukijua siku ile. Hii ya tatu ndiyo inayofundisha, na ndiyo wanafunzi wengi tunairuka.

Chukua habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Ibn Battuta anasema alimwona fakiri wa Yemen akimsimamisha baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa, na sultani akampa. Hiyo rangi ya kwanza. Lakini hapo hapo anasimulia kwamba sultani alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, bahili wa kuwaambia waombaji kwamba mtoaji ameshakufa. Subiri kidogo. Msafiri alipoondoka, al-Hasan alikuwa hai. Habari za Daud zilimfikia baadaye, kwa mdomo wa mtu asiyetajwa, na zimeshonwa kwenye aya moja na alichokiona bila hata mshono kuonekana.

Halafu jiulize msemaji alikula wapi. Huyu bwana aliishi miaka mingi kwa takrima za wafalme. Kwa hiyo sultani mtoaji kwake ni mwema, na mbahili ni mbaya, basi. Simwiti mwongo kwa hilo. Ila nikitaka kujua Daud alitawala vipi, kodi, biashara ya dhahabu ya Sofala kule pwani ya Msumbiji, hapa sipati kitu. Napata tu jinsi wageni walivyopokelewa, na hilo nalo ni historia.

Turudi kwenye mbao. Nilipogundua kwamba al-Hasan huyo huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, nikahamia upande wa pili kwa pupa ile ile: basi Ibn Battuta kadanganya! Hilo nalo ni kosa. Neno analotumia kwa maezeko ni *dis*, jina la majani marefu ya kwao Afrika Kaskazini. Yaani alipokumbuka paa zetu akiwa Fez, alizipa jina ambalo msikilizaji wa Fez angelielewa.

Likizo ile nilipanda boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Msikiti Mkuu upo pale, mawe matupu na kuba zake. Nilipotoka nikakaa kivulini, na mbele yangu nyumba ya mwenyeji: fito, udongo, na juu makuti.